Ua la Mama Lilivyokatwa Vipande

Arobaini ya mama ilipokwisha, tuligawana vitu vyake pale Lindi. Dada alichukua cherehani, kaka akachukua kabati, mimi nikachukua ua la barazani. Kwetu hata kisichochanua huitwa ua, na hili sikuwahi kuliona likichanua: shina nene lenye mapingili, majani mapana ya kijani yenye madoa meupe, ndani ya ndoo ya rangi. Kila Ijumaa mama alilifuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Nililipakata kwenye basi mpaka Kilwa Masoko, na sikumruhusu kondakta aliguse.

Huku likaanza kunifia. Kingo za majani ziliungua, majani yakadondoka moja moja, nami kila nilipoogopa nililiongezea maji. Yalipobaki majani matatu juu ya shina refu, mama mkwe wangu alikuja kutoka Miteja kuangaliwa macho hospitali. Yeye ni mkulima wa mihogo, na maua ya kwenye ndoo aliyaona upuuzi wa watu wa mjini. Hata hivyo alichota udongo akaunusa, kisha akaonja maji ya kisima niliyokuwa nikilimwagia, akatema.

"Maji ya chumvi haya, mwanangu. Tena unalishindilia. Linakufa kwa shibe."

Kesho yake nilitoka kazini nikakuta ndoo tupu. Nyuma ya jiko, kivulini, ua la mama lilikuwa juu ya gunia, vipande saba vifupi kama kuni. Panga lilikuwa kando. Hasira zangu ziko karibu, na siku hiyo ulimi ulinitangulia. Nilimpigia kelele mama mkwe, jambo ambalo hata leo nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke nitumbukie.

"Mama, umeniulia mama yangu mara ya pili!"

Hakupandisha sauti. Alikuwa akijikuna mikono, maana utomvu wa ua lile huwasha kama magimbi.

"Mguu wake ulishaoza," alisema. "Mihogo ninayolima Miteja niliachiwa na mama yangu, naye aliachiwa na mama yake. Unadhani tulirithishana shina lile lile? Tulirithishana vijiti. Viache vilale, utomvu ukauke."

Sikuamini. Nani anakianika kitu kivulini ili kiishi? Siku ya tano alichanganya mchanga na samadi kavu, akavilaza vipande ubavu, nusu vimefukiwa, nusu viko nje, kila kimoja na pingili yake. Aliniagiza nivinyunyizie maji ya mvua tu, tena kidogo, na nisivifukue kuchungulia. Halafu akarudi kwake.

Alipoondoka nilihesabu, nikakuta sita. Nikawatukana kuku wa jirani. Na kwa kuwa sisikii la mkuu, kimoja nilikifukua kuona kama kina mizizi. Kikaoza. Haraka haraka haina baraka, na mimi nimezaliwa na haraka.

Wiki ya sita, pingili moja ilitoa ncha ya kijani iliyojikunja. Nililia pale pale uani, sufuria mkononi. Vingine vitatu vikafuata. Mimi nina cheti ukutani, na ningeendelea kulimwagia ua lile chumvi mpaka life lote. Yeye, kwa macho yale mabovu, aliona uhai ulikojificha akakata hapo hapo. Sijapata kumhusudu mtu mikono kama ninavyomhusudu yule mama.

Sikukuu ya Idi tulikwenda Miteja. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba radhi, maana sikuwa nimeyasema. Tulipofika nilimkuta barazani, ameinamia dumu lililokatwa nusu. Ndani yake kulikuwa na majani mapana yenye madoa meupe. Kipande cha saba. Alikuwa akiyafuta vumbi kwa kitambaa kibichi.

Jirani mmoja aliyekuja kutoa mkono wa Idi akamwuliza kama majani yale ni mboga.

"Huyu haliwi," alijibu, bila kuinua kichwa. "Ni mkwe mwenzangu. Hatukuwahi kukaa pamoja alipokuwa hai."

Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikachovya ncha ya kanga yangu kwenye maji, nikaanza kufuta majani ya upande wa pili.