Gramu Nilizowaongezea Popo

Nina shukrani zangu kwa popo, na anayetaka kucheka asubiri kwanza nimalize.

Ilikuwa miaka ya sabini, muda mfupi baada ya serikali kutuhamishia kijijini, huku Busunzu. Mtafiti mmoja kutoka chuo kikuu, mtu wa pwani, alikuwa akija kila mwaka mvua zikianza kukatika, kupima popo wa matunda. Aliniajiri kwa sababu nilijua kusoma, kuandika na kushona. Nilimshonea mifuko ya kitambaa cha marekani ya kuwatilia popo. Kila alfajiri, popo wakirudi kutoka kula, tuliwanasua kwenye nyavu kandokando ya kijito. Yeye alipima urefu wa mfupa wa mkono, mimi nikaning'iniza mfuko kwenye mizani ndogo ya springi na kuandika.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mjamzito, na mikuyu iliyowalisha popo hao ilikuwa bado imesimama kwenye mahame yetu. Popo walikuwa wengi hadi mifuko haikutosha. Walikuwa wamenona, manyoya yanang'aa, na baadhi ya majike wamebeba watoto kifuani. Niliwaonea wivu, maana mimi mgongo ulikuwa unaniua.

Mwaka uliofuata mikuyu ilikuwa imekwisha. Tuliikata wenyewe, mingine kwa kuni za kuchomea matofali, mingine kufungua shamba la kijiji. Sitamsingizia mtu, shoka mojawapo lilikuwa la mume wangu. Tukatega nyavu zilezile, mahali palepale, zikaleta popo wa kuhesabu kwa vidole. Mfupa wa mkono ulikuwa na urefu uleule wa mwaka jana, lakini nyama hakuna. Ukimpapasa mmoja mgongoni unazihisi pingili zote.

Mizani iliponionyesha gramu zile, nikaingiwa na hofu. Niliona nitaambiwa sijui kusoma mizani. Na kazi ya kudanganya mizani nilikuwa nimeshaizoea kliniki. Nesi wetu alikuwa na mdomo mkali, na mama mwenye mtoto mwepesi aliumbuliwa mbele ya benchi zima. Basi tulijua la kufanya. Mwezi uliotangulia nilimvalisha binti yangu, wa miezi tisa, sweta mbili, na chini yake nikamfunga kiunoni kitambaa chenye mahindi. Nesi aliweka nukta yake mahali pazuri kwenye kadi. Nikarudi nyumbani kifua mbele, na mtoto asiyekuwa na nguvu hata ya kulia.

Kwa hiyo nikawaongezea popo. Huyu gramu kumi, yule kumi na tano, kadiri nilivyowaonea huruma.

Asubuhi ya tatu mtafiti alilisoma daftari, akanitazama, akachukua mfuko mkononi mwangu na kuupima upya.

"Dada, umewanenepesha hawa."

"Ego, ndiyo, Mwalimu," nikasema. Nikiogopa, Kiha hutangulia. "Niliona aibu. Mwaka jana walikuwa wanono."

"Aibu ya nini? Kwani umewakondesha wewe?"

"Miti tumekata sisi."

Alifungua mfuko, popo akihangaika ndani yake. Kisha akasema, wala hakupandisha sauti, "Ndiyo maana nataka uzito wao wa kweli. Ukiandika wamenona, nani atajua kwamba wana njaa?"

Hakuwa akimsema binti yangu. Hata hakumtazama, alikuwa anakunjua kidole cha popo kilichonasa kwenye uzi. Lakini mimi nikapeleka mkono nyuma, nikampapasa mtoto mgongoni. Binti yangu alikuwa mgongoni mwangu wakati wote ule, mwepesi kiasi kwamba nilikuwa nimesahau kama nimembeba.

Hakunifukuza. Nilikata namba za uongo kwa mstari mmoja, nikaandika upya wale tuliokuwa nao, na wale tuliokwisha kuwaachia nikawawekea alama ya kuuliza. Kesho yake sikungoja siku ya kliniki. Nilifika nikamvua mtoto nguo zote mbele ya nesi, nikamweka kwenye mizani, nikasema yote, mahindi na yote.

Alinisema hadi wanawake wenzangu wakainamisha macho, nadhani kila mmoja akikumbuka kitambaa chake. Huku ananisema, mikono yake ilikuwa inakoroga maziwa ya unga na mafuta na sukari. Alimlisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Akanipa kopo zima, na kila wiki nikawa napeleka mtoto na kusemwa. Namshukuru nesi yule kwa maziwa, na kwa matusi pia.

Mtafiti alirudi mara moja zaidi. Popo walikuwa wamepungua tena, nikaandika kama walivyo. Mwaka huohuo mume wangu alichomeka vijiti vya mkuyu kando ya kijito bila kuambiwa na mtu, na vingi vilishika.

Kadi ya kliniki ninayo mpaka leo. Nukta za mwanzo ziko juu, na inayofuata iko chini kabisa ya mstari, kisha zinapanda polepole. Binti yangu, alipokuwa na watoto wake mwenyewe, aliiona akaniuliza mwezi ule aliugua nini hata akaporomoka vile.

Nikamwambia hakuporomoka. Mwezi ule ndio mama yake aliacha kumpima pamoja na mahindi.