Chai ya Saa Nne Ilipopanda Gitega

Joto la Bujumbura linatosha kumsahaulisha mtu kwamba koti lilishonwa ili livaliwe. Katika ile ofisi ya serikali niliyokuwa nikiipelekea chai, makoti yalikuwa na kazi nyingine. Karani alifika asubuhi, akatundika la kwake nyuma ya kiti, akafungua dosie moja ya karatasi mezani na kuweka kalamu juu yake. Mkuu akipita anaona koti, anaona kalamu, anajua mwenyewe yupo, ametoka kidogo tu. Na mwenyewe, ikifika saa nne, yuko uani kwetu, jirani na ofisi, mikono ya shati ameikunja, anapuliza chai.

Nasema kwetu, lakini jiko lilikuwa la mama mmoja wa Bwiza, mjane, wa familia ya Kiislamu iliyokaa mjini tangu zamani. Mimi nilikuwa msukuma toroli lake. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimepita kazi nyingi: nimevuna mpunga Buterere, nimebeba saruji mtaa wa viwanda, nimeendesha baiskeli ya abiria mpaka magoti yakakataa. Hakuna kazi niliyoipenda kama ile ya chai. Asubuhi nilipakia masufuria Bwiza, tukaelekea mjini, yeye mbele na kanga yake, mimi nyuma na toroli, naye akisalimia kila aliyekuwa anafungua duka, akiulizia mguu wa huyu na mimba ya yule, hata nikahofia maziwa yataganda njiani.

Wakubwa wasiotaka kuonekana uani niliwapelekea chai ndani. Hapo ndipo nilipopata shule yangu. Kila mlango niliogonga niliuliza: hapa munafanya nini hasa? Wengine walinifukuza. Wengine, wakiwa na chapati mkononi, walinieleza kwa urefu. Nikajua kuna chumba kizima cha watu wanaopokea barua, na kingine cha kuhakikisha kwamba zimepokelewa. Nikajua nani anaweka sahihi, na nani anaamua itawekwa lini.

Nikipita pale siku hizi, najikuta napunguza mwendo. Uani wanauza simu na vifuniko vyake vya rangirangi. Ukuta bado una weusi wa moshi wetu, wamejaribu kuupaka chokaa ukarudi. Husikii tena ile kelele ya saa nne, vijiko vikigonga vikombe, Kirundi na Kifaransa na Kiswahili vimechanganyika kama wali na maharage, mtu anasimulia mechi ya jana kana kwamba alicheza yeye.

Kuhama tulikuwa tukikusikia kwa muda mrefu, redioni na kwenye hotuba: ofisi za serikali zitapelekwa Gitega, katikati ya nchi, ili kazi na biashara zifike na kule juu. Tulizoea kusikia. Kisha siku moja karani mmoja mwembamba, msemaji wa uani, aliweka kikombe chini kabla hakijaisha.

“Safari hii si maneno,” akasema. “Meza zimeanza kuandikwa namba.”

“Gitega? Kule kwa baridi?” mwenzake akaruka. “Watoto wangu wanasoma hapa! Mke wangu ana duka hapa!”

“We fikiri hivi. Mutu wa Cankuzo anatoka kwao, analala njiani, anakuja hapa juu ya muhuri moja. Anaambiwa rudi kesho. Ni haki hiyo? Ofisi ikae katikati, kila mutu aifikie. Kila kitu Bujumbura, kila kitu Buja, na wengine nao?”

Mimi nilimwona ana maneno ya kweli. Huko milimani nimepita, najua umbali wake.

“Na mi?” mama akauliza, mwiko mkononi. “Mi niko mutu wa wapi?”

Wakacheka. Yeye hakucheka. Jiko lile ndilo lililokuwa likimlisha, na ndilo lililokuwa likimsomesha binti yake unesi. Ofisi ikiondoka, chai ile angemwuzia nani? Mtaani Bwiza kila kona ina jiko, na kila jiko lina wateja wake.

Aliwaza wiki nzima, akaunguza chapati kadhaa kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akaniambia njiani, bila kugeuka: “Watu wangu wanaenda. Mi nikibaki nitapikia nani, ukuta?”

“Na uani?”

“Mwenye nyumba ashampa kijana wa masimu. Kurudi hakuna. We utanisindikiza, ama umeshachoka? Najua we ni mutu wa kuchoka.”

Sikuwa nimechoka. Gitega nilikuwa nikiitaka, kama ninavyoutaka mji wowote nisioujua. Tukapanda juu ya kamyo, lori la ofisi, masufuria katikati ya viti vilivyopinduliwa miguu juu. Pale Bugarama, juu mlimani, ukungu ulitufunika, mama akajifunga kanga ya pili, kisha ya tatu, akasema sasa ameelewa kwa nini watu wa huku hawasemi sana: mdomo ukifunguka baridi inaingia.

Alipata chumba katika mtaa wa Waswahili wa kule. Wanawake wa pale walimpokea kama ndugu aliyechelewa. Karibu na ukuta wa ofisi mpya tukapata kibanda chenye bati. Jumatatu ya kwanza aliwasha makaa kabla ya jua, akapika kwa kipimo cha Bujumbura, chai ya ofisi nzima na maharage ya ofisi nzima.

Hakuja mtu. Makarani walikuwa bado barabarani. Familia zao walikuwa wameziacha chini, Jumatatu walikuwa wanapanda na Alhamisi wanashuka. Walifika mchana wamechoka, na maharage nayo yalikuwa bado magumu. Huko juu yanataka moto mrefu zaidi, na hilo hatukuwa tumelijua.

“Mama, maharage yako yamekataa kuhamishwa,” karani mwembamba akasema, akitafuna kwa taabu. “Yameandika barua ya malalamiko.”

“Kula, we. Na zenu za kukataa kuhama pia hawakuzisoma.”

Tulicheka, tukajua Jumanne mambo yatakaa sawa. Jumanne saa nne ikafika. Vikombe vilikuwa vimepangwa, tangawizi inanukia mpaka barabarani. Saa nne ikapita. Mama akaniangalia, nikaenda kuchungulia dirishani. Wote walikuwa mezani, wamejikunyata, makoti wameyafunga vifungo mpaka shingoni. Nikamgongea kioo karani wetu mwembamba.

“Hamuji kunywa?”

“Nitoke vipi?” akanong'ona. “Koti nimelivaa! Nikiliacha kwa kiti nakufa baridi huko inje, na nikitoka nalo kiti kinabaki uchi, direkta anaona.”

Nikarudi na jibu. Mama alikaa chini kwenye ndoo. Nilimwona anakitazama kiti kimoja kimoja kichwani, vile viti vya Bujumbura na makoti yake. Biashara yake yote ilikuwa imetundikwa pale, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri hivyo.

“Mwambie alete makoti mbili,” akasema hatimaye.

Nikarudi dirishani. “Anasema ulete mbili.”

“Ya pili najifunika usiku!”

Chai ya mezani nayo ilikatazwa, meza zilikuwa zimepakwa rangi upya. Alhamisi, mchana haujaisha, basi dogo la makarani lilikuwa limeshawasha injini. “Mama, panda tushuke!” walimwita, na hawakuwa na ubaya. Lakini ashuke akapikie wapi? Alisimama na kuliangalia mpaka likapotea. Tulimwaga chai wiki ile, na wiki iliyofuata, na iliyofuata. Binti alipiga simu kuuliza habari za huko, akajibiwa ni nzuri, watu wengi.

Watu kweli walikuwepo, ila hatukuwahesabu. Walikaa kwenye ukingo wa ukuta tangu alfajiri, watu wa milimani, miamvuli magotini, karatasi zao ndani ya mifuko ya plastiki, wakingoja dirisha lifunguliwe. Walitoka kwao na viazi vitamu vya baridi, wakala wakitazama upande mwingine. Walituona sisi ni sehemu ya ofisi. Sisi tuliwaona wao ni sehemu ya ukuta.

Asubuhi moja bibi mmoja alikuja akasimama mbele ya sufuria, akauliza kwa Kirundi kama kuna uji wa mtama.

“Mi sipikaka uji,” mama akamjibu. Aliona hata aibu kuulizwa. Kule Bujumbura chai yake ilisifiwa na wakurugenzi. “Uji ni wa wagonjwa.”

Bibi akawatazama wenzake ukutani, kisha akamtazama yeye. “Mwanangu, hii ni siku ya tatu ninakuja hapa. Unatuona ni wazima?”

Ukuta wote ulicheka, na mama, baada ya kushindana na uso wake, akacheka pia. Alinung'unika mchana kutwa. Jioni alikwenda kwa majirani kuomba afundishwe unga gani na maji kiasi gani. Kesho yake sufuria kubwa ilikuwa ya uji, na ya chai ilikuwa ndogo. Ukuta ulisogea kwetu wote kwa pamoja. Kufika saa nne nilikuwa nakwangua sufuria.

Wiki mbili tatu zilipita hivyo. Alikuwa anajua sasa nani katoka Karuzi, nani kaja kwa sababu ya shamba, nani ana mtoto anayekohoa. Nilimsikia akisalimia kama alivyokuwa akisalimia asubuhi za Bwiza, na nikashikwa na hamu ya Bwiza yenyewe, ya joto lake na kelele zake, hamu kali kama njaa.

Alhamisi basi lilisimama mbele ya kibanda.

“Mama, nafasi iko moja!” karani mwembamba aliita. “Kesho Ijumaa, utakula samaki, mukeke wa ziwa, utamuona binti!”

“Kesho niko na watu.”

“Watu gani? Watu wako si ni sisi?”

“Nyinyi wageni wangu. Munakuja, munaenda. Funga dirisha, utaingiza baridi.”

Kisha akaniangalia mimi, niliyekuwa nalitazama basi. “Nafasi ndiyo ile. Panda. We hujakaaga mahali mpaka sabuni ikaisha.”

“Na ndoo za maji atabeba nani?”

“Huu ukuta una wanaume wangapi? Panda, mudogo yangu. Binti umwambie aje huku akimaliza. Hospitali ziko na huku.”

Nilipanda, nikakaa karibu na dirisha. Alikuwa ameinama anamjazia mtu kikombe, na dereva alipopiga honi hakuinua kichwa.