Kilo Kumi na Saba za Kwenda Sevilla

Jumanne, kwenye basi la kwenda Shiling, kwenye soko la mikoba ya jumla, kununua mikoba, mbele yangu walikaa mume na mke, Watanzania, wafanyabiashara wenzangu hapa Guangzhou, China. Mama alikuwa anapanga safari ya siku tatu Sevilla, kule Hispania.

“Miaka kumi na miwili ya ndoa, kila safari ni mzigo,” alisema huku amemnyooshea mumewe kidole. “Hii ni ya kutembea na kula tu. Ukiuliza bei ya jumla, mimi narudi.”

“Mimi? Siulizi,” akajibu baba, mkono kifuani kama yuko kanisani.

Wakapanga: asubuhi kanisa kuu, mchana wali wa kamba, jioni kutembea chini ya michungwa. Baba alikubali kila kitu, mpole ajabu. Mama akaandika yote kwenye simu mpaka akafika kwenye mizigo. Hapo akasita.

“Tiketi inaruhusu kilo ishirini na tatu kila mtu. Nguo za mtu mmoja hazizidi kilo sita.”

Baba akatazama dirishani.

“Sasa kilo kumi na saba ziende tupu?” mama akanong’ona. Kisha: “Hivi wanawake wa kule wanapenda mikoba mikubwa au midogo?”

Jamani, sisi wa hapa tunaweza hata kuacha pombe, lakini sanduku lenye nafasi linatunyima usingizi. Niliwacheka moyoni vituo viwili vizima. Halafu nikamgusa mama begani.

“Samahani dada, hizo kumi na saba za mumeo, zina mtu?”

Na huko Sevilla simjui mtu hata mmoja.