Kimaithili Mbele ya Shemeji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ndogo ya Okolona, Louisville, msimamizi wetu, mama Mkenya, alinionya: "Mzee, mkalimani ni mdomo. Kichwa acha nyumbani." Nilimtii mpaka nilipohamia Columbus kuwa mratibu wa wakalimani hospitalini, mtu wa kumtafutia kila mgonjwa msemaji wa lugha yake. Huko nilijifunza kushuku. Faili likisema "Kiswahili," niliuliza: cha wapi?

Mwaka 2015 aliletwa mama mmoja kutoka tambarare za kusini mwa Nepali, mguu umeoza kwa sukari. Daktari alitaka kuukata. Mkalimani wa Kinepali alimuuliza mama kama anakubali; aliyejibu ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe: "Amekubali." Mama alikuwa amejifunika uso, kimya.

Niliomba marudio, yaani mgonjwa aeleze mwenyewe alichoelewa. Kimya.

"Donc, Mzee Wasiwasi," mkuu wa zamu, Mkongo mwenzangu, alinicheka, "hata kimya unakishuku?"

"Hicho ndicho ninachokishuku zaidi."

Shemeji alisema lugha yao ni Kimaithili. "Bon, Kinepali cha mashambani," akasema mkuu. Sikuridhika. Sisi wa Bukavu tumeambiwa mara ngapi kwamba Kiswahili chetu ni kibovu? Nikampata binti Mmaithili, mwanafunzi wa chuo kikuu.

"Baba, si Kinepali wala si Kihindi cha mashambani," alisema hata kabla ya kuketi. "Kimetokana na Kimagadhi cha kale, ndugu yake ni Kibengali. Kilikuwa na herufi zake, Tirhuta, kabla hatujaanza kutumia Devanagari, herufi za Kihindi. Mashairi yake ni ya karne nyingi, lakini katiba ya India, ambako pia kinazungumzwa, imekitambua juzijuzi tu."

Akamsemesha mama. Kimya tena. Nikaanza kumshuku binti mwenyewe.

"Huyu shemeji atoke," akaniambia. "Kwetu mke hasemi mbele ya kaka mkubwa wa mumewe."

Nilishangaa. Kwetu shemeji ni mtu wa utani. Tulikuwa tumemwekea kiti kando ya kitanda ili ampe mama moyo! Akatoka upesi, kama aliyefunguliwa kamba.

Mama akafunua uso, akasema mfululizo. "Anauliza nani kasema amekubali," binti akatafsiri. "Anataka kujua watakata wapi, na kama atatembea."

Daktari akavuta kile kiti, akaanza upya.

Nimestaafia Buffalo, Lower West Side. Vijana wakalimani huniuliza kama bado nashuku. Nashuku. Kujua lugha ya mgonjwa ni nusu ya kazi. Tazameni pia nani ameketi karibu naye.

Mguu wa yule mama ulikatwa wiki moja baada ya siku ile. Safari hiyo, aliyesema "ndiyo" alikuwa mama mwenyewe.