Shina la Kwanza

Niliacha shule darasa la sita, kwa hiyo siku nilipopewa meza yangu kwenye kampuni ya utalii pale Karatu nilijiona nimefika. Kabla ya hapo nilikuwa nimechuma kahawa Oldeani, nimechunga ng'ombe wa watu kule Sale, nimeosha magari ya safari. Sasa nilikuwa na redio ya upepo, beji na fulana yenye nembo, na kazi yangu ilikuwa kupanga madereva. Asubuhi moja nikiwa napanga magari ya kushusha wageni kreta kuona wanyama, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sijashuka kule miaka mitatu. Mwisho wa mwezi nikaandika barua ya kuacha kazi.

Mama mmoja mjane wa Mbulumbulu, aliyekuwa akituletea mayai ofisini, alinikodisha ekari moja.

"Nakupa msimu mmoja," akasema. "Ukiharibu, nachukua shamba langu, na wewe rudi kwenye redio yako."

Nikapanda maharage. Nilijifunza kwa kuuliza. Niliuliza mpaka majirani wakawa wakiniona kwa mbali wanageuza njia.

Maharage yalipokauka, mawingu yalianza kukaa upande wa msitu. Maharage makavu yakinyeshewa huota humo humo kwenye maganda, na peke yangu nisingemaliza. Mjane akaniambia nialike watu kama wanavyofanya wenyeji: mwenye shamba anapika, wenzake wanang'oa, na siku yao ikifika naye anakwenda. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye maganda. Jua likishapanda, maganda hupasuka na punje zinabaki ardhini.

Walikuja watu kumi na wanne. Nilikuwa nimejiandaa, daftari mkononi. Nikawagawa makundi matatu, kila kundi na mistari yake na kiongozi wake, kisha nikasimama ukingoni.

Hakuna aliyeinama.

Nikadhani hawajanielewa, nikaeleza upya, taratibu zaidi. Walinisikiliza kwa adabu. Mzee mmoja akamwambia mwenzake jambo kwa Kiiraqw, wakacheka.

"Bosi," akauliza yule mwenzake, ngumi mdomoni kama ameshika redio, "ndege inatua saa ngapi?"

Nikacheka nao, nikaanza kueleza mara ya tatu. Jua likatokeza. Karibu na mguu wangu ganda moja likapasuka, sauti ndogo kama ya kijiti kinachovunjika, halafu la pili.

Mjane akanisogelea. "Mwanangu, unangoja nini?"

"Nawangoja wao, mama."

"Na wao wanakungoja wewe. Mwenye shamba ndiye anayeng'oa shina la kwanza. Tuingieje shambani kwako kama wezi, na wewe umesimama unatuangalia?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe si ndiye wa kuuliza? Leo hukuuliza."

Niliweka daftari chini, juu ya jiwe, nikainama nikang'oa. Shina lilitoka na udongo wake, likiwa bado na ubaridi. Kabla sijashika la pili nikasikia wote wameingia nyuma yangu, wamejipanga wenyewe mstari mmoja mrefu kuvuka shamba zima. Makundi yangu hayakuonekana tena. Yule wa ndege alifanya kazi ubavuni kwangu, akinipita kila mara na kunisubiri.

Mistari ya upande wa barabara jua liliiwahi. Mchana, wengine wakila, nilipiga magoti kule nikiokota punje moja moja, na mjane akaja kuniangalia, sahani ya makande mkononi.

"Shamba je, mama, unalichukua?" nikamuuliza. Sikuthubutu kuinua uso.

Alitafuna kwanza, akameza.

"Keshokutwa tunang'oa kwangu," akasema. "Uje na umande. Daftari liache nyumbani."

Nilifika kabla ya jua. Nikasimama ukingoni pamoja na wenzangu, mikono mitupu, tukimngoja mjane ainame.