Kidole cha Dereva wa Treni

Nimeandika jambo hili mara tatu na kulichana. Shule niliiacha darasa la sita, Bujumbura, na hasira ikinishika maneno yananikimbia. Leo nitakwenda polepole na kumpa kila mtu haki yake, hata yule niliyetaka kumrushia sinia.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku Forest, Ubelgiji. Naosha, navisha, nalisha, na kabla ya kutoka naandika kwenye daftari la zamu nilichokiona. Mwaka jana aliletwa mzee wa Kijapani, mjane, ambaye bintiye ameolewa na Mbelgiji. Kifaransa chake kilikuwa bonjour na merci. Changu kinazidi hapo, lakini si sana.

Tangu wiki ya kwanza nilimwona akifanya kitu. Mbele ya lifti anasimama wima, ananyoosha mkono wa kulia, anaelekeza kidole, anatoa neno moja kwa sauti: "Yoshi." Kwenye ngazi, vilevile. Kwenye mlango wa bafu, vilevile. Kwetu kumnyooshea mtu kidole ni kumshtaki, na anayezungumza na mlango tunamsomea dua. Nikaandika daftarini: anaongea peke yake, anaonyesha kidole pasipo na kitu. Nikatia sahihi. Nilidhani nimefanya kazi vizuri.

Hasira yangu inaanzia hapo, na nikisema ukweli, inaanzia kwangu.

Wenzangu wakasoma, nao wakaanza kuona nilichoona mimi. Kila zamu ikaongeza mstari wake, na mistari yote ilifanana na wangu. Halafu bibi mmoja wa chumba cha jirani alinyooshewa kidole akitoka kwenye lifti, akashtuka, nusura aanguke. Ni kweli, nilikuwepo. Mkuu wa wauguzi akasema kikao cha Jumanne kitaamua kama mzee apelekwe orofa ya juu, kule ambako mlango unafunguliwa kwa namba na dirisha linatazama ukuta.

Dirisha ndilo lililoniuma. Chumba chake kilitazama reli, na alikaa pale tangu chai ya asubuhi, saa yake ya mfukoni juu ya paja. Alhamisi, nikimchana nywele, alinyoosha kidole nje na kusema neno. Safari hii nilikifuata kidole. Kulikuwa na taa ya reli, ya kijani. Nikangoja. Taa ikawa nyekundu. Akanyoosha tena, neno likawa jingine. Ikarudi kijani, likarudi neno la kwanza. Nilisimama na kitana mkononi mpaka treni tatu zikapita. Hakukosea hata mara moja.

Pasipo na kitu, niliandika mimi.

Jumamosi bintiye alipokuja nilimuuliza. Alicheka kwanza, kisha akatafuta kitambaa. Baba yake alikuwa dereva wa treni, akasema, kwenye reli ndogo ya pwani, behewa moja la dizeli, upande huu mlima, upande huu bahari. Madereva wa kwao hufunzwa kuonyesha kila taa kwa kidole na kuitaja kwa sauti, ili jicho, mkono na mdomo vishuhudie kitu kimoja na akili isisinzie. Yoshi maana yake ni sawa, nimekagua. Reli yenyewe ilijengwa vipande viwili visivyokutana, na watu wa katikati walingoja karibu umri wa mtu waunganishwe. Serikali ilipochoka nayo, watu wa wilaya na vijiji waliichukua wakaiendesha wenyewe. Halafu bahari ikapanda, ikabeba madaraja na stesheni. Wakajenga upya, na hatimaye pengo la katikati nalo likazibwa. Baba yake alikuwa ameshastaafu, lakini siku treni ilipopita kutoka mwisho hadi mwisho alisimama kando ya njia na sare yake ya zamani, akanyoosha kidole.

Kwetu Burundi hakuna reli. Treni ya kwanza niliiona Kigoma, nikiwa mkimbizi. Sikujua chochote. Lakini pia sikuuliza.

Nilimweleza mwenzangu wa zamu, mama wa Bukavu, tukikunja mashuka. Hakunihurumia.

"Bon, kalamu yako njo imemuvalisha huyu muzee koti ya wazimu," alisema. "Donc wewe mwenyewe utamuvua."

Jumanne binti hakupata ruhusa kazini kwake, nikaingia kikaoni peke yangu na Kifaransa changu cha kuungaunga. Mkuu wa wauguzi alinisikiliza mpaka mwisho, sitamnyima hilo. Ana wazee wengi na mikono michache. Kisha akaligeuza daftari, akanisomea mstari wangu pamoja na sahihi, akauliza siku ile niliandika ukweli au uongo.

"Niliandika nilichokiona," nikasema. "Sikutazama anakoonyesha. Hakuna hata mmoja wetu aliyetazama. Njooni dirishani."

Daktari aliyekuwa kikaoni ndiye aliyenyanyuka kwanza, wengine wakafuata. Tukasimama watu wanne nyuma ya kiti cha mzee kama abiria. Kijani: kidole, neno. Nyekundu: kidole, neno. Treni ikapita. Daktari akasema abaki.

Furaha yangu haikufika jikoni. Sharti likafuata: asinyooshe kidole kwenye korido wala lifti, kwa ajili ya yule bibi. Nani alimweleza bibi? Hakuna. Nani alimwomba mzee radhi? Hakuna. Nikaomba mstari wangu ufutwe. Nikaambiwa daftari halifutwi, unaongeza chini tu. Hilo ni haki, daftari linalofutika si daftari. Nikaongeza: alikuwa dereva wa treni, anakagua. Mstari mmoja, chini ya mingine yote.

Binti alimfikishia sharti. Mzee aliinamisha kichwa, akakubali. Sasa akiwa kwenye korido anatia mkono wa kulia mfukoni mwa sweta. Jana nilimpeleka kula, tukasimama mbele ya lifti, nikaona kitambaa cha mfuko kikisukumwa kutoka ndani, kimeelekea mlangoni. Midomo ameifunga. Mtu aliyebeba watu kando ya bahari maisha yake yote, na bintiye anasema hakumpoteza hata mmoja, anaficha kidole kama mwizi wa andazi.

Nikanyoosha changu. "Yoshi," nikasema, korido nzima isikie. Mkuu wa wauguzi akainua kichwa mezani kwake. Nikamtazama, nikamngoja achukue kalamu.

Hakuichukua. Lifti ikafunguka, ilikuwa tupu, mzee akatangulia kuingia.