Voi miaka ya hamsini: kibali cha kuegesha lori mbele ya mlango wa mama mkwe

Wakuu, hamjambo humu ndani. Salamu kwa wenye magari na kwa sisi wenye miguu.

Mimi nafikiri ndiye mzee kuliko wote kwenye hili jukwaa, kwa hivyo tusianze na mambo ya "weka picha". Picha hakuna. Nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, na machache nilihadithiwa na marehemu mume wangu, mtu ambaye hakujua kudanganya hata kwa mzaha. Chumvi siongezi. Daktari alishanikataza.

Juzi nilisoma ule uzi wenu mnalia kwamba parking ya Voi town imekuwa taabu, mara sticker, mara gari limefungwa mnyororo. Nilicheka peke yangu mpaka chai ikapoa.

Kwani mnadhani hayo mambo yalianza na county? Ngojeni niwaambie.

Hii ni miaka ya hamsini, mkoloni bado yuko. Mimi nilikuwa msichana mbichi, nimeolewa majuzi, nina mtoto mchanga mgongoni.

Sisi ni Wakamba wa Voi. Baba yangu aliletwa huku na kazi ya reli, akafia huku huku. Mama yangu akakataa kurudi Kitui. Alisema kaburi la mumewe liko Voi, sasa Kitui arudi kufanya nini?

Alikuwa na nyumba ya udongo na bati kwenye kichochoro kimoja nyuma ya stesheni. Kazi yake ilikuwa kusuka vyondo, vile vikapu vya katani. Jua likianza kupoa anatoa kigoda chake, anakaa mlangoni, anasuka huku akisalimiana na kila mpita njia. Abiria wa treni walikuwa wakivinunua sana vile vyondo vyake.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la Mhindi mmoja mwenye duka. Alibeba katani kutoka mashambani, na mboga na ndizi kutoka Ronge. Tulipanga chumba kichochoro hicho hicho, lakini upande wa juu. Mama alikuwa upande wa chini.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu, maana vijana wa leo mnakula ugali sahani moja na mama mkwe na mnapiga naye selfie.

Kwetu kuna heshima inaitwa nthoni. Mwanamume na mama wa mke wake hawakutani uso kwa uso. Akimwona njiani, anapinda, anaingia kichakani kama hakuna njia nyingine. Hawakai pamoja, hawatazamani. Salamu inapitia kwa mtu mwingine. Si chuki, jamani. Ni kinyume kabisa cha chuki. Ni kusema: wewe umenizalia mke, siwezi kukuzoea ovyo ovyo.

Kwa hivyo mume wangu aliingilia juu, mama akatokea chini, na maisha yakaenda vizuri tu. Mimi ndiye nilikuwa posta.

Shida ikaja na malori.

Yaliongezeka mjini ghafla. Madereva walikuwa wakiyaacha popote, vumbi mpaka kwenye sufuria, na mkokoteni wa maji ukawa haupiti. Siku moja lori lilirudi nyuma nusura limgonge mtoto wa jirani. Wamama wakapiga kelele, na walikuwa na haki.

Kamati ya mji ikakaa, ikaamua. Hakuna lori kulala kwenye makazi ya watu bila kibali. Asiye na kibali apeleke lori lake uwanja wa stesheni.

Yule Mhindi naye akasema sawa, lakini lori lake likilala stesheni, dereva alale ndani yake. Aliogopa kuibiwa taa na magurudumu.

Wakuu, mume wangu akahama nyumbani hivyo hivyo. Mchana yuko safarini, jioni yuko stesheni ndani ya lori. Mimi nampelekea chakula nikiwa na mtoto mgongoni, tunakula tukiwa tumesimama, halafu narudi peke yangu.

Siku moja alinyoosha mikono ambebe mtoto. Mtoto akamwangalia, akapiga ukelele, akaficha uso shingoni mwangu. Hakumjua baba yake.

Mume wangu alikunja mikono yake akaiweka mfukoni. Ile picha mpaka leo ikinijia nasikia uchungu.

Kesho yake alienda kuomba kibali. Alienda mara nyingi, akaambiwa ngoja, njoo, ngoja. Mwishowe akakipata. Kila kichochoro kilipewa nafasi moja tu, na kwetu tulipewa sisi. Nilipika chapati siku hiyo, wacha!

Asubuhi karani wa mji akaja na kopo la chokaa kuonyesha mahali lori litasimama. Alikuwa kijana Mdawida, Mtaita wa huku huku, kaptula imepigwa pasi, soksi mpaka magotini. Akapita mlango wetu. Nikasema labda anatafuta kivuli. Akaenda, akaenda, akachagua pale kichochoro kilipokuwa kipana kuliko kwingine kote. Akapaka jiwe chokaa, akaandika nambari.

Mbele ya mlango wa mama yangu. Mbele kabisa! Lori likisimama pale, mlango wa dereva unatazamana na mlango wa mama.

Nilishika mdomo. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kiondo mapajani, anamwangalia karani. Akaniuliza kwa upole, "Hilo jiwe ni la nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Akabeba kigoda chake akaingia ndani.

Basi kukaanza sinema pale kichochoroni.

Mume wangu alikuwa akifika jioni kofia imemfunika macho, anateremka kwa mlango wa abiria, anatembea ameinama upande wa pili wa lori mpaka atokezee juu. Mtu mzima, dereva mwenye heshima zake, anatembea kama anayeiba kuku. Siku mama akichelewa kuingia, yeye alikuwa hasimami. Anapita na lori, anazunguka mji wote, anarudi, bado, anazunguka tena. Mhindi akaanza kuuliza petroli inaenda wapi.

Jirani yetu Wakesho, Mtaita wa Sagalla, mdomo wake haukuwa na breki. Akisikia lori tu anaita, "Mama, mkweo huyo! Kimbia!" Kichochoro kizima kinakufa kwa kicheko.

Lakini mimi niliyeingia kwa mama sikucheka.

Nyumba yake ilikuwa na dirisha dogo tu. Ili mume wangu asiaibike, mama alianza kujifungia mapema, jua bado liko juu. Humo ndani kuna giza na joto la bati. Kusuka hawezi, haoni uzi. Vyondo vikaanza kukosekana. Yule mama wa kusalimiana na dunia nzima akawa anasikiliza watu kupitia ukuta.

Nikamwambia, "Mama, kaa tu nje, atavumilia."

Akanijibu, "Nikae nimwangalie mume wako anavyotambaa kwa mavumbi kwa ajili yangu? Mimi nimekosa adabu?"

Nikarudi kwa mume wangu. "Acha kutambaa, mama ataelewa."

"Ataelewa nini? Kwamba binti yake ameolewa na mshenzi?"

Haya, sasa mimi nifanye nini na watu kama hawa?

Mume wangu akaenda mbele ya kamati kuomba jiwe lihamishiwe juu, mlangoni petu. Mzungu amekaa katikati, karani wetu anatafsiri. Akaulizwa kwa nini hataki nafasi aliyopewa wakati wenzake wanalilia kibali. Akasema, "Hapo kuna mama mkwe wangu."

Karani akatafsiri. Mzungu akauliza kitu, karani akageuka: "Bwana anauliza, ni mkali?"

"Hapana. Ni mtu mzuri sana. Ndiyo sababu."

Wakacheka wote. Mume wangu alisema hata yeye karibu acheke. Lakini uamuzi ukatoka palepale: juu ni pembamba, mkokoteni wa maji hautapita. Jiwe halihamishwi. Hataki, arudishe kibali, apewe mwingine.

Alirudi nyumbani akakaa kitandani, mtoto mapajani. Mtoto sasa alikuwa ameshamzoea, anavuta masharubu yake. Akaniambia, "Nitakirudisha Jumatatu. Siwezi kumzika mama yako akiwa hai ndani ya ile nyumba."

Nililia, wakuu. Nilijua anasema haki, na nilijua Jumatatu mtoto wangu atabaki tena bila baba. Sikuwa na wa kumlaumu.

Jumapili asubuhi aliondoka kwenda kubeba mzigo Taveta. Mimi nikashuka kwa mama, nikamweleza yote, kamati, kicheko, Jumatatu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kumbe ni lori tu haliwezi kuhama. Mlango je?"

Sikuelewa. Akaniambia nimwite Wakesho na jembe.

Nyumba za udongo mnazijua, za kizamani, fito na matope. Tulitoboa ukuta wa nyuma, ule unaotazama Sagalla. Wakesho alichimba huku akinung'unika, "Kwa hiyo mkwe anamfungia mama wa watu mlango! Hii dunia!" Mama akamwambia, "Hajanifungia. Chimba."

Mlango ukang'olewa mbele ukapelekwa nyuma. Pale ulipokuwa tukajaza fito, tukakandika udongo. Jua lilipoanza kuteremka, nyumba ya mama ilikuwa imekipa kichochoro kisogo. Yeye mwenyewe, matope mpaka viwikoni, akatoa kigoda akakaa nyuma. Mwanga ulikuwa mzuri huko, kumbe. Mlima wote wa Sagalla mbele yake.

Akasema tu, "Ona. Nilikuwa nimekaa upande mbaya miaka yote hii."

Jioni lori likaja. Likasimama penye jiwe. Mume wangu kofia machoni, tayari kutambaa. Akainua kichwa akaona ukuta mtupu, udongo bado mbichi.

Aliniita, sauti imebadilika. "Mama amehama? Ameenda wapi?"

"Hajaenda popote. Amegeuka."

Alikaa kwenye ngazi ya lori, akavua kofia, akafuta uso nayo. Alikaa hapo mpaka Wakesho, yule Wakesho, akaingia kwake kimya na kufunga mlango.

Halafu tukasikia. Ko, ko. Ni mama, kutoka ndani, anagonga ukuta kwa fimbo yake.

Mume wangu aliniangalia. Akasimama, akanyoosha kiganja, akapiga bodi ya lori polepole. Ko, ko.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo kila jioni. Injini inazimika, ukuta unagongwa, lori linajibu. Hakuna aliyeongea. Kisha yeye anaweka juu ya jiwe katani safi ya kusukia, au ndizi za Ronge, mimi nazipeleka nyuma. Na siku moja alikuta kiondo kimetundikwa kwenye kioo cha lori, cha kubebea chakula chake. Alikitumia mpaka kikatoboka, na hakukitupa.

Mama aliugua mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya hamsini. Hakuugua muda mrefu. Alifariki mchana mmoja mume wangu akiwa Taveta, na hakukuwa na njia ya kumpasha habari.

Jioni nilikuwa ndani na mama, nimemfunika. Nikasikia lori linaingia kichochoroni, likasimama, injini ikazimika.

Kimya.

Mume wangu alingoja. Halafu akaanza yeye. Ko, ko.

Fimbo ya mama ilikuwa pale karibu na kitanda. Niliishika, wakuu. Nikaiinua. Nikaona nikigonga nitakuwa namdanganya, na yule mtu hakuwahi kunidanganya. Nikairudisha chini taratibu.

Akagonga tena, mara moja tu. Kisha nikasikia hatua zake zikizunguka nyumba, upande ambao hajawahi kukanyaga. Akafika kwenye mlango wa nyuma.

Hakuingia. Hata hapo hakuingia, hakuchungulia. Alisimama nje kando ya kile kigoda, kofia mkononi, amegeukia Sagalla, akalia kwa sauti kama mtoto aliyefiwa na mama yake mwenyewe.

Hayo ndiyo yangu. Kichochoro kilishabomolewa zamani. Lile jiwe nilimwomba karani, akanibebea mwenyewe mpaka nyumbani. Chokaa imeisha, nambari haisomeki, lakini ndilo nakalia jioni nikisuka.

Nilichojifunza ni kwamba serikali itagawa nafasi za magari, na lazima igawe, hata wale wa kamati siwalaumu. Lakini nafasi ya mtu moyoni mwa mwenzake mnapeana wenyewe. Wale wawili hawakuwahi kutazamana hata siku moja, na sijaona watu waliopendana kama wao.

Haya, nimechoka vidole. Niambieni nyinyi: huko kwenu mkwe anaheshimiwaje siku hizi? Na wewe uliyelia kwamba jirani amepaki mbele ya geti lako, hebu niambie, umeshamgongea hodi hata mara moja?